Laki nne na nusu kwa mwezi: mstaafu wa Mbeya ataishi au atabangaiza?

Mwenye mada, Uyole

Shikamooni wakubwa. Mwakani natimiza 60, naweka chaki chini. Shemeji yangu wa Dar kaniambia bila milioni moja na nusu kila mwezi nitakuwa ombaomba. Mimi nasema hiyo ni hesabu ya mtu anayenunua hadi mchicha.

Hesabu yangu hii hapa, kwa kikokotoo cha sasa, yaani kanuni ya kupigia mafao ya mstaafu. Wastani wa mshahara wa miaka mitatu bora ni 1,200,000, utumishi miaka 30, yaani miezi 360. Gawa 360 kwa 580, zidisha kwa mshahara wa mwaka mzima, 14,400,000: unapata 8,937,931. Asilimia 40 ya hiyo mara 12.5 ndiyo mkupuo, hela ya mara moja ukistaafu, kama milioni 44.7. Asilimia 60 iliyobaki ukiigawa kwa 12 ndiyo pensheni, kama 447,000 kwa mwezi.

Sasa kaka yangu, mstaafu, yupo Tukuyu. Ana kaunta buku anaandika kila shilingi. Nimefungua mwezi wa saba: sukari, mafuta, sabuni na nyama mara mbili 78,000. Mkaa 45,000, na baridi ile mnaijua. Kibarua wa kuvuna mahindi 30,000. Umeme, maji, vocha, nauli na sadaka 68,000. Halafu mstari mmoja kaupigia kalamu nyekundu: misiba na michango, 95,000. Jumla 316,000. Unga, maharage na ndizi havimo, vinatoka shambani. Dawa ya presha haimo, yeye na mkewe wana kadi ya bima ya wastaafu.

Kwa hiyo laki nne na nusu inatosha, mradi nyumba imeisha na jembe bado unalishika. Nipingeni.

Muuguzi mstaafu, Mafinga

Marahaba mwalimu. Kadi ni ya kwangu na mwenza, sawa. Wajukuu wawili ninaowalea hawamo. Na kuna siku unafika dirishani na kadi yako unaambiwa dawa hii imeisha, kanunue nje. Mwambie kaka aandike na hiyo. Jembe nalo, ukifika 70 magoti ndiyo yanaamua, si wewe.

Mhasibu, Mwanjelwa

Mwalimu, umepiga hesabu vizuri ila umeishia njiani. Jiwekee kanuni ya zamani ya watumishi wa umma: 1/540, nusu mkononi, mara 15.5. Mkupuo wako ungekuwa 74,400,000 na pensheni 400,000. Yaani wamekupunguzia karibu milioni 30, wakakuongezea 47,000 kwa mwezi. Gawa uone hiyo 47,000 itarudisha lini milioni 30: miezi zaidi ya 630, miaka 52. Utakuwa na umri wa miaka 112.

Ndiyo maana watu walipiga kelele 2018, kilipotangazwa kikokotoo cha mkupuo wa asilimia 25, hadi Rais Magufuli akakisitisha Desemba ile ile. Kikarudi Julai 2022 kwa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa waliokuwa wanapata 50 kwa kanuni ya zamani. Mstaafu haulizwi "unakula nini", anaulizwa "utajenga lini". Mkupuo ndio nyumba.

Muuguzi mstaafu, Mafinga

Mwanangu mhasibu, mimi nililipwa kwa hiyo ya zamani. Nusu nzima mkononi. Marehemu mzee wangu akanunua Coaster ya kwenda Makambako. Mwezi wa nane injini ikafa, dereva akakimbia na hesabu ya wiki tatu. Shemeji zangu niliokuwa siwajui walinijua mwaka ule. Leo ninachokula ni ile ndogo inayoingia kila mwezi. Ningekuwa mimi, wangenipa robo tu mkononi, hata mnitukane.

Mhasibu, Mwanjelwa

Pole mama. Ila Coaster kufa si sababu ya kumzuilia mwalimu hela yake. Mtu mzima aachwe akosee mwenyewe.

Mkulima, Njombe

Kamwene. Mnabishania 40 na 50, sisi tuna sifuri. Zanzibar tangu 2016 mzee wa miaka 70 anapata pensheni jamii hata kama hakuajiriwa; ilianza na 20,000. Huku Bara mkulima hana kitu kama hicho. Mimi kikokotoo changu ni ekari tatu za mipaini. Oktoba moja jirani alichoma shamba lake, upepo ukaleta, ekari moja na nusu ikaisha mchana mmoja. Zilizobaki, nusu niliuza changa kwa mtu wa mbao mama alipolazwa. Kwa bei yake, si yangu. Sasa nimepanda parachichi, angalau lenyewe halisubiri miaka kumi na tano.

Ukiniuliza kiasi gani kinatosha: nikipata laki mbili ya uhakika kila mwezi, hata mipaini naiacha ikomae.

Mwenye mada, Uyole

Mkulima umenikalisha. Mimi nalalamikia laki nne na nusu, na wewe ungepokea laki mbili tu kwa mikono miwili.

Mama wa Mafinga, la magoti nimelipokea. Naongeza mwenyewe kasoro nyingine: hiyo 447,000 ni ya leo, mfuko wa sukari wa mwaka wa kumi siujui. Mhasibu, mke wangu nimemsomea habari ya miaka 112, kacheka, kisha kauliza milioni 44 zikitoka tunalipa SACCOS kwanza au tunapiga bati. Hapo hatujaelewana mpaka sasa.

Nimempigia na kaka kumwambia daftari lake linajadiliwa. Anasema mwezi huu mstari mwekundu umefika 120,000, na zimebaki siku tisa.