Ukoo wa Meku: Jumamosi ya mahafali

Shangazi Rau: Habari za jioni ukoo. Ndiyo nimetoka kwenye mahafali ya Neema, niko kwenye Haisi hapa Kiborloni, foleni haisogei. Mtoto wetu amemaliza! Umeme wa majumbani, miaka miwili kamili. Picha nimetuma, fungueni mkipata bando.

Mama Brayani: Weeeh! Hongera Neema mwanangu 🎉🎉 Nimepiga vigelegele hapa dukani mpaka wateja wameshtuka.

Eliya Arusha: Hongera sana dada. Sasa ukoo una mafundi umeme wawili, mimi na wewe.

Meku: Nimeona picha. Mungu ni mwema. Huyo mtoto mwenye kofia kubwa ni nani?

Shangazi Rau: Shikamoo Baba. Ni Viki wa Neema, kitukuu chako. Amemvua mama yake kofia ya joho akaivaa mwenyewe, na hakuna aliyemkataza. Walimu wote wanamjua kwa jina.

Meku: Marahaba. Amekua jamani.

Baba Mkubwa Dar: Hongereni sana. Neema, hongera binti yangu. Nauliza kwa nia njema, msinielewe vibaya. Siku hizi vyuo ni vingi, mtu anapewa karatasi yenye mhuri halafu hapokelewi popote. Neema aliishia kidato cha pili. Hicho cheti atakipeleka wapi?

Shangazi Rau: Kaka, swali hilo hata mimi nilikuwa nalo, ndiyo maana baada ya sherehe sikukimbilia pilau, nilimfuata mwalimu wake wa umeme tukakaa chini. Kile ni chuo cha maendeleo ya wananchi. Ni cha serikali, kiko chini ya Wizara ya Elimu, na viko 54 nchi nzima. Kwetu Kilimanjaro kuna Msinga, kuna na Mamtukuna kule Rombo. Arusha wana Monduli. Ufundi wanafundisha kwa mtaala wa VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na mtihani alioufanya Neema ndio huohuo wanaofanya watoto wa VETA Moshi. Hakuna cheti cha wakubwa na cheti cha wadogo.

Meku: Hivyo vyuo navijua tangu vinaanza. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Tukawa tunasoma jioni, baba zetu na mama zetu wametoka shamba na tope miguuni. Watu wakishajua kusoma na kuandika wanauliza, baada ya hapa? Mwaka 1975 ndipo vikaanza vyuo vya wananchi, kwa msaada wa Sweden, maana wenzetu walikuwa navyo siku nyingi. Kijiji kinamchagua mtu, anakwenda kujifunza useremala, uashi, ushonaji, kilimo, akirudi anawafundisha wengine. Hakuna aliyeulizwa alifeli lini.

Eliya Arusha: Babu, hili sikuwahi kulisikia darasani hata siku moja. Asante.

Baba Mkubwa Dar: Sawa Mzee, shikamoo. Nimekuelewa. Neema yupo hapa?

Neema: Nipo Baba Mkubwa. Shikamooni wote. Asanteni sana kwa pongezi, nilikuwa namlaza Viki.

Baba Mkubwa Dar: Marahaba. Hebu niambie huo mtihani wa vitendo ulikuwaje.

Neema: Kila mmoja anapewa ukuta wa mbao. Unachora kwanza, ndipo unafunga. Mimi nilipangiwa taa mbili, moja yake ya kuwashwa juu na chini kama ya kwenye ngazi, soketi mbili na meni swichi. Waya mwembamba wa 1.5 kwa taa, mnene wa 2.5 kwa soketi. Ukimaliza wanakutoa nje, msimamizi anaharibu kitu kimoja, halafu unaitwa ukitafute. Niliporudi taa zinawaka zote, soketi zote zina umeme. Ukiwa na haraka unasema hakuna kosa. Nikachukua mita nikaanza kupima pointi moja baada ya nyingine. Soketi ya pili, ule waya wa kijani na njano, plastiki yake nzima kabisa, ila ukiuvuta kidogo unasikia hauna kitu ndani. Shaba ilikuwa imekatwa nyuma.

Neema: Huo ndio waya unaoupeleka umeme ardhini ukivuja. Ukikatika, nyumba inaonekana nzima hata miaka. Taa zinawaka, simu inachaji. Siku pasi ikivuja ndiyo mtu anashika bati lake na umeme unapita kwake. Nilimwonyesha msimamizi, akaandika kwenye karatasi yake, hakusema neno. Nilikaa na wasiwasi mpaka matokeo yalipotoka.

Mama Brayani: Neema! Friji yangu ya dukani ukiigusa ukiwa peku inakupiga kidogo. Fundi aliniambia ni kawaida ya friji kuukuu.

Neema: Mama, si kawaida. Ichomoe sasa hivi tafadhali, na usiiguse ukiwa na mikono iliyolowa. Kesho baada ya ibada nakuja na mita.

Mama Brayani: Nimechomoa. Soda zipoe zisipoe.

Anko Seremala: Huyo sasa ndiye fundi. Wengine wanakuja, wanabadilisha balbu, wanaomba elfu kumi.

Baba Mkubwa Dar: Neema umeeleza vizuri sana, hata mimi wa ofisini nimeelewa. Je, kisheria anaweza kufunga nyumba ya mtu?

Eliya Arusha: Baba Mkubwa, cheti ni hatua ya kwanza. Akitaka kusimamia kazi kwa jina lake anaomba leseni EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji. TANESCO hawaungi nyumba ambayo haikufungwa na fundi mwenye leseni. Hao mafundi wa balbu anaowasema Anko wengi wanaishi kwa kuazima mhuri wa mwenzao. Neema akishapata ya kwake hamwombi mtu.

Neema: Leseni nitaiomba, ila kwanza nimalize Novemba.

Mama Brayani: Novemba kuna nini tena?

Neema: Mtihani wa kidato cha nne.

Shangazi Rau: NDIYO! Nilimwachia aseme mwenyewe.

Baba Mkubwa Dar: Kidato cha nne? Umesoma saa ngapi?

Neema: Palepale chuoni. Kuna mpango unaitwa Elimu Haina Mwisho, ni wa sisi wasichana tulioacha shule. Unasoma ufundi na masomo ya sekondari kwa pamoja, na ujasiriamali. Kwa kuwa niliondoka kabla ya mtihani wa kidato cha pili, mwaka jana nilifanya mtihani wa Maarifa, ule wa QT. Nikafaulu. Kwa hiyo mwaka huu naruhusiwa kukaa na wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hesabu ndiyo inanisumbua, ila umeme umenisaidia, maana kila siku tunapiga hesabu za ampea na wati.

Meku: Huyu mtoto ana moyo wa bibi yake.

Shangazi Rau: Nataka kusema jambo moja na mnivumilie, ni refu. Mnajua mwaka 2021, mwezi wa Novemba, Wizara ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi shuleni. Nilifurahi nikaenda mwenyewe kwa mama yake Neema kumwambia. Neema akanijibu swali moja tu: Shangazi, Viki nitamwachia nani? Sikuwa na jibu. Mama yake anauza ndizi Mbuyuni tangu alfajiri, mimi nina mgonjwa nyumbani. Mlango umefunguliwa, lakini mtu ana mtoto mgongoni.

Shangazi Rau: Leo nimeingia kwenye kile chumba cha watoto pale chuoni. Ni chumba cha kawaida, mikeka, vikombe vya plastiki vimeandikwa majina, nepi zimeanikwa dirishani. Kiko hatua chache tu kutoka karakana ya umeme. Asubuhi mama anamwacha mwanawe na mlezi, saa ya chai anakwenda kumnyonyesha, anarudi kwenye waya zake. Viki alijifunza kutembea mle. Kwa maoni yangu kile chumba kimefanya kazi kubwa kuliko bango lolote la kuhamasisha mtoto wa kike. Nikisikia tena mtu anasema wasichana wakishazaa hawataki shule, nitamwuliza kama aliwahi kuwawekea chumba.

Mama Brayani: 🙏🏾🙏🏾 Wifi umesema kweli tupu.

Baba Mkubwa Dar: Hapo nimekupata, dada.

Mama Brayani: Jamani, kwa kuwa tumefika hapo, na mimi nilete langu. Brayani yuko nyumbani tangu matokeo yatoke Januari. Division four. Kaka wewe ulisema arudie mtihani, na nashukuru ulijitolea kulipa. Lakini kila nikimwamsha asubuhi aende tuisheni naona kama nampeleka msibani.

Baba Mkubwa Dar: Nilisema hivyo kwa sababu cheti cha kidato cha nne kikiwa kibovu kinamfuata mtu maisha yake yote. Msimamo wangu haujabadilika sana. Brayani mwenyewe anasemaje?

Brayani: Shikamoo Baba Mkubwa. Mimi nataka magari. Kila siku nashinda gereji ya Majengo, wananiachia kufungua gia boksi. Kurudia nitarudia lakini sijui kama nitapata zaidi ya hapo.

Eliya Arusha: Baba Mkubwa, naomba kuchangia kwa heshima. Sio lazima achague. VETA ina daraja la kwanza mpaka la tatu. Akifika la tatu, na cheti chake cha kidato cha nne hata kama si kizuri sana, kuna njia ya kuomba kuingia vyuo vya ufundi vya ngazi ya juu. Hapa Chuo cha Ufundi Arusha, ambacho kipo tangu 1978, ninao wenzangu waliopita njia hiyo. Sisi tuliotoka sekondari moja kwa moja, tukiingia karakana ndio tunaowakimbilia. Tulipokwenda kampasi ya Kikuletwa kule Hai, kwenye mafunzo ya umeme wa maji, aliyetangulia kuelewa mtambo ni jamaa aliyeanzia VETA.

Baba Mkubwa Dar: Na ada ya huko Arusha? Au ndiyo mpaka tuuze shamba?

Eliya Arusha: Kwenye bajeti ya 2023 serikali ilitangaza kufuta ada ya vyuo vitatu vya ufundi, Arusha, DIT ya Dar na MUST ya Mbeya. Na mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ikaanza kuwakopesha wa stashahada kwenye baadhi ya fani. Hela ya kula na chumba bado ni mzigo, hilo sifichi.

Shangazi Rau: Na VETA ni elfu 60 kwa mwaka kwa wa kutwa, 120,000 kwa wa bweni. Brayani akiwa kutwa analala kwake. Linganisheni na tuisheni ya kila mwezi.

Mama Brayani: Elfu sitini kwa MWAKA?

Shangazi Rau: Kwa mwaka, wifi. Vifaa na sare ni juu yako. Na kingine kaka, hata sekondari zenyewe zimebadilika. Kuanzia 2024 kidato cha kwanza kuna mkondo wa amali, mtoto anaanza ufundi akiwa shuleni. Si njia ya waliofeli tena.

Anko Seremala: Na sisi tuliojifunzia mtaani tangu ujana mnatuacha wapi? Mwaka jana niliomba zabuni ya madawati kwenye shule moja, kitanda changu wamekiona, mlango wangu wanaupitia kila siku, wakaniuliza cheti. Sina. Kazi ikaenda kwa mtu aliyekuja kuniazima randa.

Neema: Anko, pole sana. Kuna kitu mwalimu wetu alitufundisha, VETA wanatambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Hukai miaka miwili. Unajiandikisha, wanakuja kukupima ukiwa kazini kwako, wanaona unavyopima, unavyounga, unavyotunza usalama. Ukiwa na upungufu wanakupa mafunzo mafupi ya hapo tu, halafu unapata cheti.

Anko Seremala: Kweli? Wanakuja mpaka bandani?

Neema: Ndivyo tulivyoambiwa. Kuna mafundi gereji na waashi wengi wamepata hivyo. Twende pamoja ukaulize, usiende peke yako.

Meku: Mwende. Huyo mjomba wenu ametengeneza jeneza la nusu ya Kibosho, hana haja ya kujificha.

Baba Mkubwa Dar: Haya. Brayani, nasema mbele ya Babu yako. Ile hela niliyotenga ya kurudia mtihani itakwenda VETA, ada na vifaa. Sharti langu moja: somo la Kiingereza na hesabu uyarudie jioni, taratibu, kama alivyofanya dada yako. Unakubali?

Brayani: Nakubali Baba Mkubwa. Asante sana. Asante sana.

Baba Mkubwa Dar: Na Neema, fundi anaanza na vifaa gani? Vya kazi, usinitajie vya bei rahisi.

Neema: Baba Mkubwa jamani 😭 Mita nzuri ndiyo ya kwanza. Halafu plaiya, bisibisi za kupimia, kisu cha waya na drili. Ngazi nitaazima kwa Anko.

Anko Seremala: Ngazi sikuazimi. Nakutengenezea ya kwako, ya mbao, isiyopitisha umeme.

Shangazi Rau: Mimi nimefika nyumbani sasa. Jumatatu saa mbili tukutane pale getini VETA: Brayani, Neema na Anko. Fomu za Januari zinatolewa sasa hivi, tusichelewe. Brayani njoo na cheti cha kuzaliwa na matokeo, vyote uvitoe nakala.

Mama Brayani: Picha za pasipoti anahitaji ngapi wifi?

Shangazi Rau: Apige nne. Na Anko naye apige.