Kupika geto, mama ntilie au kuchangia sufuria: kipi kinamfaa mwanachuo Moshi?

Kijana_wa_Rau
Wakuu shikamooni. Niko mwaka wa pili, nimepanga Rau. Muhula uliopita asubuhi ilikuwa chai na maandazi, usiku chipsi mayai. Kufika mitihani, choo kigumu, na saa nne darasani nasinzia. Nataka kubadilika. Nipike mwenyewe, nile kwa mama ntilie, au nichangie sufuria na wenzangu watatu? Waliopitia naombeni uzoefu.

Mla_Kiburu
Mdogo wangu, mchana usihangaike, nenda kwa mama ntilie. Ugali, maharage, mnafu na kipande cha tikiti unavipata kwa sahani moja. Mnafu kuuchambua jani kwa jani huku kipindi kinakusubiri, hutaweza kila siku. Ubaya wake, mafuta na chumvi humpangii, na usiku wengi wamefunga. Hapo ndipo chipsi zinakupata.

Dada_Lishe
Nimesomea lishe, niongeze mawili. Ukipika mwenyewe nunua dona, sio sembe. Sembe imekobolewa, pumba na kiini vimetoka, sawa na unga mweupe wa maandazi yako, ndiyo maana choo kinakusumbua. Tena kunywa maji. La pili, chai usiinywe pamoja na chakula, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage. Ipishe kama saa moja. Ukikamulia ndimu kwenye mnafu, ndiyo vizuri zaidi. Chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyote ulivyokula.

Sufuria_Moja
Sisi tulichangia wanne, ikavunjika wiki ya tatu. Chakula hakikuwa na shida, ugomvi ulikuwa vyombo na mmoja asiyetoa hela. Tulipoanza upya tuliweka hela yote siku boom (hela ya mkopo wa chuo) lilipotoka, na anayepika haoshi. Tunaloweka maharage usiku, asubuhi tunamwaga yale maji, yanaiva mapema na mtungi wa gesi wa kilo 6 unadumu. Friji hatuna, kwa hiyo tunapika ya usiku na ya asubuhi tu, na asubuhi lazima yatokote tena. Siku nyingine ni ndizi na maharage sufuria moja, na parachichi pembeni. Chipsi sikumbuki mara ya mwisho.

Mla_Kiburu
Hapo kwenye hela mbele nakubali. Bila hiyo bora kila mtu na jiko lake.

Kijana_wa_Rau
Asanteni sana, mmenisaidia kweli. Mchana mama ntilie, usiku sufuria ya wanne. Kesho tunaenda soko la Mbuyuni kununua maharage. Nitajuaje yanayoiva upesi?

Sufuria_Moja
Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Yaliyokaa sana ghalani hata uyaloweke yanabaki magumu, utamaliza gesi.