Vitabu 24 vya tanzu tofauti kwa mwaka: zamu, mada moja, au namba za maktaba?

Mgongo_wa_Kitabu
Wakuu, tuseme mtu anataka kusoma vitabu 24 kwa mwaka, viwili kila mwezi, na hataki vyote viwe riwaya za upelelezi. Anatenga nusu saa kwa siku. Njia zinazotajwa sana ni tatu:

1. Zamu. Riwaya, kisha historia, kisha ushairi, kisha sayansi, halafu anarudi mwanzo.
2. Mada moja, tanzu nyingi. Anachukua jambo moja, kwa mfano bahari, analisoma kwenye riwaya, wasifu, sayansi na mashairi.
3. Namba za maktaba. Mfumo wa Dewey una madaraja 10, kuanzia 000 hadi 900. Anaokota kimoja kila daraja.

Ipi inaleta mseto wa kweli, na ipi mtu ataiacha kabla ya mwezi wa tatu?

Rafu_ya_Chini
Ya tatu itoe mapema. Melvil Dewey alitoa mfumo ule mwaka 1876 ili vitabu viwekwe mahali vitakapopatikana, hakuwa akipanga ladha ya mtu. Fasihi yote, yaani riwaya, tamthilia, ushairi na insha, imebanwa kwenye 800. Ukiokota kimoja kila daraja unabaki na cha fasihi kimoja tu katika kumi. Tena maktaba nyingi riwaya hazikai hata kwenye 800, zina rafu zake na zimepangwa kwa jina la mwandishi. Anayefuata namba atazipita bila kuziona.

Namba zina kazi moja nzuri, nayo ni kutafuta majirani. Kitabu cha 523 kuhusu nyota kikikukolea, angalia kilichosimama kushoto na kulia kwake.

Zamu_Kwa_Zamu
Natetea zamu, ila wengi wanaikosea. Wanapokezanisha majina ya tanzu na kusahau uzito. Riwaya ya kurasa 600, kisha historia ya kurasa 500, kisha wasifu wa 450: tanzu ni tatu tofauti lakini mgongo unaouma ni uleule.

Pigeni hesabu kwanza. Mtafiti Marc Brysbaert alikusanya tafiti 190 mwaka 2019 akapata kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya huenda kwa wastani wa maneno 238 kwa dakika kwenye vitabu vya maarifa, na 260 kwenye hadithi za kubuni. Usizihamishe namba hizo kwenye Kiswahili. "Nitakapokuona" kwetu ni neno moja, kwa Kiingereza ni sentensi nusu. Hesabu kurasa: weka saa dakika 10 kwenye riwaya, kisha dakika 10 kwenye kitabu cha historia, uone umefika wapi.

Chukulia kurasa 8 kwa riwaya na 5 kwa historia. Kwa nusu saa ni 24 na 15. Kitabu cha kurasa 300 kitakula siku 12 na nusu kikiwa riwaya, siku 20 kikiwa historia. Riwaya 12 ni siku 150, vitabu vya maarifa 12 ni siku 240. Jumla 390. Mwaka umeisha na bado vitabu havijaisha, wala hujaugua hata siku moja.

Mgongo_wa_Kitabu
Aisee. Kwa hiyo 24 haiwezekani?

Zamu_Kwa_Zamu
Inawezekana. Ondoa vinne vya maarifa, weka tamthilia nne za kurasa 90. Kila moja ni siku nne hivi. Sasa una 150 + 160 + 16, yaani siku 326, na 39 zimebaki za safari, homa na uvivu. Ndiyo maana nasema zamu iwe ya uzito: kinene, chembamba, cha kati. Utanzu utajipanga wenyewe.

Bi_Faharasa
Mnabishana kuhusu ratiba wakati vitabu huachwa kwa sababu vimechaguliwa vibaya. Kila utanzu una mahali pake pa kufungua kabla ya kukichukua. Kusoma maelezo ya jalada la nyuma kwa vyote ni kama kuonja chumvi na sukari kwa macho.

Sayansi: nenda ukurasa wa haki za uchapishaji. Tofautisha *toleo* na *chapa*. Toleo jipya maana yake maandishi yamefanyiwa marekebisho. Chapa mpya ni kurudia kuchapa yaleyale. Kitabu kinaweza kuwa na karatasi nyeupe ya mwaka jana na maandishi ya 1998. Kipimo cha haraka ni faharasa. Kitabu cha sayari kinachohesabu Pluto kuwa sayari ya tisa kimeandikwa kabla ya Agosti 2006, au mwandishi ni mkaidi. Kitabu cha chembe ndogo kinachosema chembe ya Higgs bado inatafutwa ni cha kabla ya Julai 2012. Si lazima ukitupe, lakini usikifanye cha kwanza.

Historia na wasifu: anzia nyuma. Tazama kama kuna maelezo ya vyanzo na kama yanataja kurasa. Kisha chukua tukio moja baya unalolijua katika maisha ya mhusika, litafute kwenye faharasa, usome kurasa hizo mbili. Mwandishi akiliruka, ama akilimaliza kwa sentensi moja ya kumsafisha, una sifa mkononi, wasifu hamna. Tawasifu ipime tofauti: mtu anajisemea mwenyewe, kwa hiyo kuficha ni sehemu ya utanzu. Hapo tazama sauti.

Riwaya: usipime kwa ukurasa wa kwanza, huo umehaririwa mara nyingi kuliko yote. Fungua katikati, soma mazungumzo ya ukurasa mmoja. Ukiziba majina, unaweza kutambua nani anasema? Kama wahusika wote wanaongea kwa mdomo mmoja, kirudishe.

Tafsiri: jina la mfasiri liwepo, na jina la asili la kitabu liwepo pamoja na lugha yake. Zikikosekana taarifa hizo, au kikionekana kimetafsiriwa kutoka tafsiri nyingine, tafuta toleo lingine. Na kila mara angalia neno "kimefupishwa". Huandikwa kwa herufi ndogo kweli.

Kurasa_Hamsini
Bi Faharasa kamaliza kazi. Naongezea ya kuacha. Mkutubi wa Marekani, Nancy Pearl, ana kanuni: soma kurasa 50, kisipokuvuta kiache. Ukivuka miaka 50 toa umri wako kutoka 100, kwa hiyo mwenye miaka 68 anadaiwa kurasa 32 tu.

Kanuni ni nzuri lakini haifai tanzu zote kwa usawa. Upelelezi nampa kurasa 30. Kama hakuna swali linaloniwasha kufikia hapo, basi. Fantasia na hadithi za kisayansi nazipa 80, kwa sababu mwandishi bado anajenga ulimwengu na wewe bado unajifunza majina. Mikusanyo ya hadithi fupi haihesabiwi kwa kurasa: soma hadithi tatu, ya kwanza, ya katikati, na fupi kuliko zote.

Mfululizo nao ni mtego. Katika upelelezi kila kesi mara nyingi hufungwa ndani ya kitabu chake, unaweza kuingilia cha nne. Fantasia ya vitabu vitatu ukianza na cha pili umepotea. Namba huwa mgongoni, ila wachapishaji wengine huificha ndani, kwenye orodha ya vitabu vya mwandishi.

Kina_na_Mizani
Hakuna aliyegusa ushairi, kama kawaida. Diwani haisomwi kama riwaya, na hapo ndipo watu wa zamu wanaharibikiwa: wanaipa siku tatu, wanaimeza, wanasema haina ladha. Ichukue kama kitabu cha pembeni, mashairi mawili kwa siku, kwa sauti. Diwani ya mashairi 60 ni mwezi mmoja na haigusi ile nusu saa.

Kuchagua: kama ni ya kimapokeo, soma ubeti mmoja kwa kidole. Tarbia ina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16: nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili). Hesabu. Mizani ikipungua au kuzidi bila sababu, ubeti baada ya ubeti, mtunzi hakufanya kazi yake. Kama ni mashairi huru, tazama mstari unapokatika. Ukiweza kuunganisha mistari yote ikawa aya ya kawaida bila kupoteza kitu, ni aya iliyokatwakatwa.

Rafu_ya_Chini
Njia ya pili imesahaulika. Mada moja inaokoa muda: kitabu cha pili cha maarifa kuhusu bahari husomeka haraka kuliko cha kwanza, kwa kuwa istilahi umeshazijua. Mpangilio wangu ni kitabu chembamba cha maarifa, riwaya, kisha wasifu, diwani ikienda pembeni muda wote. Nne zinatosha, cha tano huanza kurudia ya wenzake. Na msichukue riwaya ya kihistoria mkaihesabu kama historia. Nyingi zina neno la mwandishi mwishoni linaloeleza alichobuni. Lisome baada ya riwaya, maana hufichua mwisho.

Mgongo_wa_Kitabu
Basi nachanganya: mada moja kila robo mwaka, na ndani yake zamu ya uzito. Vitabu sita kwa robo: riwaya tatu, maarifa viwili, tamthilia moja. Diwani pembeni.

Zamu_Kwa_Zamu
Hesabu yake ni 37 na nusu + 40 + 4, siku 81 na nusu katika robo ya siku 91. Inaingia. Tamthilia iweke katikati ya vile viwili vya maarifa, na unakili orodha ya wahusika kwenye kikaratasi, la sivyo kila ukurasa utakuwa unarudi mwanzo kuuliza huyu ni mjomba wa nani.