Mjumbe mpya wa halmashauri ya kijiji: mapato na matumizi hayasomwi, nianzie wapi?

Mjumbe Mpya

Habari za majukumu wakuu.

Nilichaguliwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, nikapangwa kamati ya fedha na mipango. Kijiji chetu hakikosi mapato. Kuna mnada, kuna fremu tunazokodisha, na watu wanachangia. Shuleni yanajengwa madarasa kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kulipa mafundi bila mkandarasi; wananchi wamesomba mchanga na mawe kwa nguvu zao wenyewe.

Tatizo ni kwamba mapato na matumizi hayasomwi. Mkutano mkuu unaitishwa, tunazungumza ulinzi, mifugo kuingia mashambani, utoro wa watoto. Ikifika ajenda ya fedha tunaambiwa vitabu vimepelekwa wilayani kukaguliwa, au muda umekwisha. Nilipoomba kuviona kama mwanakamati niliambiwa nivute subira, hayo ni mambo ya kitaalamu. Sasa watu wameanza kugoma kuchangia. Mama mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza mchango wake wa choo cha shule ulifanya nini, nikakosa jibu.

Mwenyekiti ni baba yangu mdogo, na mtendaji tunaheshimiana. Sitaki kuonekana mchochezi, lakini sikuomba kura ili nikae kimya. Nishaurini.

Nondo Kumi na Sita

TAKUKURU, watu wa kupambana na rushwa, hao hapo, piga 113, ni bure. Ukianza habari za baba mdogo, kijiji kitaliwa mpaka mifupa.

Mtendaji Mstaafu

Mjumbe, umefanya vizuri kuuliza kwanza. Nimekuwa mtendaji wa kijiji, baadaye wa kata, nakuandikia ninachokijua.

Haki hiyo unayo kisheria, hupewi kwa hisani ya mtu. Sura 287, Sheria ya Serikali za Mitaa kwa mamlaka za wilaya, inautambua mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, kuwa ndicho chombo cha juu kijijini. Unatakiwa kukutana angalau kila miezi mitatu, na hapo ndipo hesabu za robo zinaposomwa. Kabla hazijafika huko zinapita kwenye kamati yenu, kisha halmashauri ya kijiji. Anayekuambia ni mambo ya kitaalamu anakunyima kazi uliyochaguliwa kuifanya.

Ukivipata vitabu, usikimbilie jumla iliyoandikwa mwishoni. Anza na stakabadhi. Vitabu vya stakabadhi vina namba zinazofuatana na vinatakiwa viwe kwenye rejista: kipi alipewa nani, kipi kimerudi. Chagua siku moja ya mnada. Jumlisha stakabadhi za siku ile, halafu tafuta hati ya benki inayoonyesha hela ile iliwekwa. Tuseme zilikusanywa laki tatu, benki ikaingia laki na themanini. Laki na ishirini iliyobaki imetumika ikiwa fedha mbichi. Huenda ilinunua mafuta ya pikipiki kwenda kumkamata mwizi wa ng'ombe, huenda ililiwa. Bila kupita benki na bila hati ya malipo, hata aliyeitumia vizuri hawezi kujitetea. Kama mnakusanya kwa mashine ya POS, omba taarifa ya makusanyo ya mashine na ulinganishe hivyo hivyo.

Na hili nalisema kwa uchungu. Vijiji vingi havina mhasibu. Mtendaji yuleyule anakusanya, anaandika, analipa, anaandaa muhtasari, anasuluhisha mipaka ya mashamba na kupokea wageni wa wilaya. Serikali inashusha mamilioni ya ujenzi, lakini fungu la kumfundisha mtu mmoja kutunza daftari la fedha hulioni. Nimeona watendaji waliofukuzwa kwa wizi, na nimeona waliofukuzwa kwa kushindwa kufunga hesabu. Kwa hiyo kaa naye mwambie, "Mtendaji, kamati tuje tukusaidie kuandaa taarifa ya robo." Akikubali, umepata vitabu. Akikataa, mwombe akatae kwa maandishi.

Nondo Kumi na Sita

Mzee nakuheshimu, ila hapo mnampa muda wa kupika vitabu.

Mtendaji Mstaafu

Stakabadhi nakala yake anayo mlipaji, na benki wana taarifa yao. Hivyo viwili havipikwi kijijini. TAKUKURU nao wanafuatilia miradi ya maendeleo, siwapingi, lakini swali la kwanza watakalomuuliza ni "una ushahidi gani?" Aende na kitu mkononi.

Mwalimu wa Chaki

Niongezee upande wa madarasa. Kwa fosi akaunti pale shuleni lazima kuwe na kamati: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi na ukaguzi wa vifaa. Wajumbe wanatoka kwa wananchi. Tatizo ninaloliona ni watu kuitwa kusaini hati ya mapokezi jioni, saruji iko stoo tayari, hakuna aliyeihesabu ikishuka kwenye lori. Kamati ya mapokezi iwepo gari likishusha, ihesabu mifuko, ipime nondo kama ni milimita zilizoagizwa, ndipo isaini. Leja ya stoo ionyeshe kila mfuko uliotoka, fundi aliyeuchukua na kazi iliyofanyika. Ukisoma kwamba mifuko 40 imetoka kwa ajili ya msingi ambao haujamwagwa zege, umeshapata pa kuulizia.

Halafu ule mchanga na mawe ya wananchi uthaminishwe kwa shilingi na uingie kwenye taarifa ya mradi. Wasipouandika, mtu anaweza kuja kulipia mchanga mliousomba bure.

Mkaguzi wa Zamani

Nami niseme juu ya hii imani kwamba wilayani wakikagua basi mambo yako sawa. CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yupo kwa ibara ya 143 ya Katiba, ripoti yake inafika kwa Rais mwisho wa Machi na Bungeni mwezi wa nne. LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, ndiyo inayowahoji wakurugenzi wa halmashauri kama maafisa masuuli, yaani wanaowajibika kwa fedha zake. Ni kazi kubwa na tuilinde. Lakini inaangalia mwaka wa fedha uliofungwa Juni iliyopita. Hoja inapojadiliwa Dodoma, aliyekula ameshahamia wilaya nyingine.

Na hati safi haimaanishi fedha zote zilitumika vizuri. Inamaanisha hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na hazina dosari kubwa kimahesabu. Halmashauri ya wilaya inaweza kuwa na hati safi huku kijiji kimoja ndani yake hakijasomewa mapato mwaka mzima. Mtu wa kuliona hilo mapema ni wewe mwanakamati, kila robo.

Mtanzania Kampala

Huku Uganda lipo tukio linalotajwa sana na watu wa fedha za umma. Ufuatiliaji wa ruzuku za shule za msingi kwa miaka ya 1991 hadi 1995 uligundua kwamba kwa wastani shule zilipata takriban asilimia 13 tu ya hela ambayo serikali kuu ilikuwa imeitoa kwa matumizi yake ya kawaida. Nyingi ilibaki wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kwenye ubao kiasi zilichopokea. Ilipofika 2001 kiwango kinachofika shuleni kilikuwa karibu asilimia 80. Wapo wachambuzi waliosema magazeti hayakufanya kazi hiyo peke yake, kwamba utaratibu mzima wa kutuma fedha ulibadilishwa pia. Nakubaliana nao, lakini mzazi asiyejua kilichotumwa hana cha kuuliza.

Mwalimu wa Chaki

Hilo tumeliona hata kwetu na madarasa ya UVIKO (korona) ya 2021. Sehemu ya zile trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ilijenga madarasa 15,000, na nchi nzima tulijua darasa moja ni milioni 20. Mwananchi alikuwa anapita anaangalia bati na madawati, anauliza mbele ya mwalimu mkuu, "Hii ndiyo milioni 20?" Aliweza kuuliza kwa sababu alikuwa na tarakimu.

Mama Fremu Nne

Mnasema vizuri, ila mikutano yenyewe watu hawaji. Wanawake tuko mashambani au sokoni saa hizo. Mkutano ukiitishwa asubuhi ya mnada, wanaobaki ni wazee wa kijiwe na wajumbe wenyewe, wanapiga makofi hesabu zinapita. Mjumbe, gombania siku na saa pia. Na taarifa ibandikwe ofisini na mashineni kwenye kusaga, tunapopanga foleni.

Mjumbe Mpya

Nawashukuru sana wote, na Mama Fremu Nne umenigusa, kwetu ni vilevile. Nimeongea na baba mdogo. Alikasirika mwanzoni, akasema namwandama, kisha akaniambia hata yeye hajawahi kuiona taarifa ya benki, anasaini anachopelekewa. Anaogopa kwa sababu saini ni yake. Tumekubaliana kamati ikutane kabla ya mkutano wa robo na tuanze na stakabadhi za mnada. Mtendaji hajajibu.

Swali la mwisho: barua ya kuomba ajenda nimpelekee nani? Na wakisema tena vitabu viko wilayani?

Mtendaji Mstaafu

Mpelekee mtendaji, yeye ndiye katibu wa mkutano, nakala kwa mwenyekiti na mtendaji wa kata. Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inampa siku 30 za kujibu. Vitabu vikipelekwa wilayani vinapokelewa kwa saini, kwa hiyo omba nakala ya hati ya makabidhiano. Na nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa ukiwa hapohapo, usiondoke bila muhuri.