Nianze na spika au nianze na krosova? Boksi la njia mbili la kujiundia

Mjenzi_Boksi aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nakusudia kuunda jozi ya maboksi ya njia mbili kwa ajili ya kusikiliza muziki nyumbani, na nimefika mahali ambapo nahitaji ushauri wa waliotangulia. Wufa (spika ya sauti nzito) niliyoipenda ni ya inchi 6.5, omu 8. Karatasi yake ya vipimo inaonyesha Fs (masafa ambayo spika hutetema yenyewe kwa asili) ya 42 Hz, Qts (kipimo cha jinsi mtetemo huo unavyodhibitiwa) 0.38, Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa koni) lita 28, na unyeti (ukubwa wa sauti inayotoka) wa desibeli 87 kwa volti 2.83 katika umbali wa mita 1. Twita (spika ya sauti nyembamba) ina kuba la kitambaa la milimita 25, omu 6, Fs yake ni 1,100 Hz na unyeti wake desibeli 92. Nimeona pia krosova (saketi inayoigawia wufa masafa ya chini na twita ya juu) iliyokwisha kutengenezwa, imeandikwa omu 8 na mkato wa 3,500 Hz, na vifaa vyake vinaonekana kuwa imara. Je, niichukue hiyo nifunge spika hizi, au nitafute spika nyingine zinazolingana nayo? Na hizo desibeli 5 ambazo twita imeizidi wufa, je, ni kasoro?

Fundi_Koili alijibu:

Ndugu, anza na spika. Krosova huundwa kwa ajili ya spika fulani zikiwa zimekwisha kufungwa kwenye boksi fulani, na ndiyo maana ile ya kununua imekuwa ikiwaangusha watu wengi waliochagua spika nzuri kabisa. Maandishi ya "omu 8, 3,500 Hz" yanatokana na hesabu iliyoichukulia wufa kama rezista ya omu 8 isiyobadilika. Koili iliyo nyuma ya koni ya wufa ni koili kama nyingine yoyote: kadiri masafa yanavyopanda, ukinzani wake nao hupanda, hata wufa ya omu 8 ikifika 3,500 Hz inaweza kuwa imevuka omu 12. Krosova ikikutana na hali hiyo haikati tena pale ilipoandikiwa kukata, wala mteremko wake, yaani jinsi sauti inavyoshuka baada ya mkato, hauwi na umbo lililokusudiwa.

Sasa tuangalie kama spika zako zinaweza kukutana bila kulazimishwa. Wufa ya inchi 6.5 huwa na koni yenye kipenyo cha sentimita 13 hivi. Sauti husafiri mita 344 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la sentimita 13 ni la takriban 2,600 Hz. Kuanzia hapo kwenda juu wufa inazidi kuirusha sauti mbele tu kama kurunzi, na aliyeketi pembeni anapata sauti pungufu. Kwa upande wa chini, twita haipendi kufanyishwa kazi karibu na Fs yake, na kanuni ninayoiheshimu ni kutoikata chini ya mara mbili ya Fs, yaani 2,200 Hz kwa twita yako. Hivyo unayo nafasi kati ya 2,200 na 2,600 Hz. Ni nyembamba, lakini inatosha, na mimi ningelenga 2,300 Hz. Kwa masafa hayo wimbi lina sentimita 15, na vitovu vya wufa na twita vinapaswa kuwa karibu zaidi ya hapo, basi sogeza twita mpaka fremu zikaribie kugusana. Ile krosova ya 3,500 Hz ingekulazimisha kuitumia wufa mahali ambapo imekwisha kuchoka, na hilo peke yake linatosha kuiacha.

Kuhusu desibeli 5, si kasoro hata kidogo. Ningekuwa na wasiwasi kama ingekuwa kinyume chake. Krosova isiyotumia umeme wake yenyewe inaweza kupunguza tu, haiwezi kuongeza. Tena pengo lako halisi ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Wufa hupimwa ikiwa kwenye ubao mpana sana, lakini kwenye boksi jembamba sauti nzito huzunguka nyuma na kupotea. Ukiwa na ubao wa mbele wenye upana wa sentimita 22, upotevu huo unajitokeza kuanzia eneo la 520 Hz kwenda chini na unaweza kufikia desibeli 6. Chumba hurudisha sehemu yake, kwa hiyo wengi hufidia desibeli 3 au 4 kwa kutumia koili kubwa zaidi kwenye njia ya wufa, inayoshusha masafa yake ya juu yalingane na ya chini, na matokeo yake wufa yako ya 87 inakuwa kama ya 83 au 84. Twita basi itapunguzwa desibeli 8 hivi: rezista ya omu 3.6 iliyounganishwa mfululizo, na nyingine ya omu 4 sambamba na twita.

Lita_Kumi_na_Moja alijibu:

Naongeza jambo moja ambalo husahaulika. Koili ya krosova iliyo kwenye njia ya wufa ina ukinzani wa waya wake, na ukinzani huo unaingia kwenye hesabu ya boksi. Waya mwembamba ukiongeza nusu omu, Qts yako ya 0.38 inasogea kuelekea 0.41. Kama utaziba boksi kabisa, namba zako zinadai lita 11 na zaidi kidogo, na sauti itaanza kushuka karibu na 78 Hz. Kama utaweka bomba la kupitishia hewa, boksi la lita 26 hivi lililorekebishwa kwa 42 Hz litakushusha karibu oktava nzima zaidi (oktava moja chini ni nusu ya masafa). Nunua koili ya waya mnene kwa wufa. Kwenye twita waya mwembamba hauna madhara.

Mjenzi_Boksi aliuliza tena:

Nawashukuru sana, nimeelewa kwa nini ile krosova haifai. Nilikuwa nimesoma kwamba njia rahisi ni kapasita moja kwenye twita na koili moja kwenye wufa. Je, hilo linatosha kwa 2,300 Hz? Na kama halitoshi, nitajuaje kwamba krosova niliyoiunda imefanya kazi ipasavyo?

Fundi_Koili alijibu:

Kwa twita hii halitoshi. Kapasita moja hukata desibeli 6 tu kwa oktava, kwa hiyo kwenye 1,100 Hz, yaani Fs yenyewe, twita ingebaki ikipokea nguvu nyingi na ingelalamika mara tu unapopandisha sauti. Lenga mkato wa desibeli 24 kwa oktava, ule ambao Siegfried Linkwitz na Russ Riley waliueleza mwaka 1976: kila spika inakuwa imeshuka desibeli 6 pale zinapokutana, zote mbili zikisukuma hewa kwa wakati mmoja, na jumla yake inanyooka. Zingatia kwamba desibeli hizo 24 ni za sauti inayotoka hewani. Wufa na twita zina mteremko wao wa asili, na mara nyingi koili moja na kapasita moja kwa kila upande, zikichanganyika na mteremko huo, hufikisha lengo. Ili wufa isiivuruge hesabu, weka sambamba nayo rezista ya omu 7 na kapasita ya mikrofaradi 12 zilizofuatana. Huo ni mwanzo mzuri wa kuutuliza ule ukinzani unaopanda, kisha urekebishe kwa vipimo vyako.

Kuhusu kujua, lazima upime. Maikrofoni ya kupimia na programu za bure kama REW na VituixCAD zinatosha. Funga spika kwenye boksi lake halisi, liinue mita 1.2 kutoka sakafuni, weka maikrofoni mita 1 mbele ya twita, kisha pima wufa na twita kila moja peke yake bila kuisogeza maikrofoni hata kidogo. Ukikata kipimo kabla mwangwi wa sakafu haujafika, una milisekunde 4 hivi, na namba zako zinaaminika kuanzia kama 250 Hz kwenda juu. Kutoisogeza maikrofoni ni muhimu kwa sababu koni ya wufa iko nyuma ya kuba la twita kwa sentimita 2 au 3, ambazo kwa wimbi la sentimita 15 ni tofauti kubwa sana, na programu haiwezi kuijua tofauti hiyo kama vipimo viwili havina mwanzo mmoja. Unapopima twita bila krosova, ilinde kwa kapasita iliyo mfululizo nayo.

Krosova ikikamilika, geuza nyaya za twita, chanya iwe hasi, upime tena. Kama spika zako zinakwenda pamoja, utaona kwenye mchoro wa kipimo shimo refu limechimbika kwenye 2,300 Hz, lenye kingo zinazofanana kushoto na kulia. Shimo likiwa la kina kifupi au limeegemea upande mmoja, badilisha kapasita ya twita kidogo kidogo, upime kila mara, mpaka lizame. Halafu rudisha nyaya kama zilivyokuwa. Na unapozipanga koili kwenye ubao wa krosova, moja ilaze na nyingine uisimamishe, zikiwa mbalimbali, la sivyo sumaku ya moja itaingia kwenye nyingine na shimo hilo hutalipata.