Wachezaji wana pumzi, mbona wanaumia nyama za paja?

Kocha wa Kinondoni:
Ndugu zangu, habari za jioni. Ninafundisha timu ya vijana hapa Kinondoni, na katika wiki tano zilizopita nimepoteza wachezaji wanne, watatu kwa nyama za paja na mmoja kwa goti. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba kabla ya mashindano tulikimbia mchangani Coco Beach kila Jumamosi alfajiri kwa mwezi mzima, na vijana wote wanamaliza dakika 90 wakiwa na pumzi. Jumapili iliyopita, kwenye dakika ya 75 hivi, winga wangu aliufukuzia mpira mrefu pembeni, akasimama ghafla na kushika nyuma ya paja kana kwamba amepigwa jiwe, wala hakukuwa na beki aliyemgusa. Je, utimamu wao wa mwili bado ni mdogo, au mimi ndiye niliyewachosha?

Mtaalamu wa Viungo:
Pole sana, Kocha. Jeraha la nyuma ya paja ndilo linaloongoza hata katika klabu kubwa za Ulaya zenye madaktari wa kutosha, kwa hiyo usijione umeshindwa kazi. Mara nyingi msuli huo huchanika mchezaji anapokimbia kwa kasi yake ya mwisho, pale mguu unaporushwa mbele na kukaribia kukanyaga, kwa sababu msuli unavutika huku ukijitahidi kuuzuia mguu huohuo. Mchangani hali hiyo haitokei: mguu unazama, hatua inafupika na kasi inapungua. Vijana wako wamepata pumzi, na pumzi ina faida yake kwa kuwa majeraha haya huongezeka kuelekea mwisho wa kila kipindi, lakini misuli yao inakutana na kasi kamili siku ya mechi tu.

Wapimie mbio za kasi za mita 20 hadi 40, chache kwanza, kisha uziongeze taratibu wiki hadi wiki. Ongeza na zoezi liitwalo Nordic: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anashuka mbele polepole akiwa amenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, akijizuia kwa nguvu za nyuma ya paja mpaka anaposhindwa na kudaka ardhi kwa mikono. Mwanzoni linaacha maumivu ya siku mbili tatu, hivyo usiliweke karibu na mechi. Kwa kupasha misuli, tumia programu ya mazoezi ya FIFA 11+, ambayo huchukua dakika 20 hivi, haihitaji vifaa vya gharama na husaidia kulinda magoti pia.

Beki Mstaafu, Temeke:
Naomba nikuulize, Kocha: kati ya hao watatu, ni wangapi waliwahi kuumia paja hilohilo? Mimi nilirudishwa uwanjani baada ya siku kumi kwa sababu nilikuwa natembea bila kuchechemea na timu ilikuwa na fainali. Nikachanika tena palepale, na safari hiyo nilikaa nje miezi mitatu. Pia uliza wanacheza wapi katikati ya wiki. Hapa mjini kijana mwenye kipaji huitwa kwenye ndondo, yaani mechi za mitaani, Jumatano, akapewa nauli na chochote, halafu Jumapili anakuja kwako na miguu iliyochoka, nawe huna habari.

Kocha wa Kinondoni:
Kaka, nimewapigia simu wote. Wawili walicheza ndondo Jumatano ya wiki ileile waliyoumia, na winga aliumia paja hilo mwaka jana, jambo ambalo hakuwahi kuniambia kwa kuogopa benchi. Nimesikitika, kwani ni mimi niliyewazoesha kuogopa. Sasa nitajuaje kwamba yuko tayari kurudi?

Mtaalamu wa Viungo:
Usihesabu siku peke yake. Nguvu ya paja lililoumia ikaribiane na ya paja lisiloumia, lisiume linapobonyezwa wala linaponyooshwa, na mazoezini awe amekimbia kwa kasi kamili mara kadhaa, katika siku tofauti, bila kusita. Yule wa goti, kama lilivimba saa chache baada ya kuumia au linamlegea anapogeuka, mpeleke hospitali wiki hii hii, kwa sababu ikiwa kano ya ndani ya goti imekatika, atakayefanyiwa upasuaji hapaswi kurudi mechini kabla ya miezi tisa.