Virginia: nimepigwa tochi I-95, kumbe ni kosa la jinai. Acheni kuambiana "lipa tu yaishe"!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira tangu Jumanne na leo Jumamosi bado haijapoa, kwa hiyo mnivumilie uzi ukiwa mrefu. Walioko Marekani someni mpaka mwisho, hasa nyie mnaoshuka na kupanda barabara kuu ya I-95 kila kukiwa na msiba au harusi.

Nakaa Maryland, mwaka wa tisa sasa. Mwezi wa tatu tulipata msiba Durham, North Carolina. Mnajua misiba yetu ya huku ilivyo: taarifa inaingia saa tano usiku, alfajiri watu wako barabarani. Nilitoka saa kumi alfajiri, mama mdogo yuko mbele na kanga zake, mwanangu kalala nyuma. Tukaipita Richmond, tukaipita Petersburg, barabara ikawa nyeupe, misonobari kushoto na kulia, kibao kinasema maili 70 kwa saa. Mimi nilikuwa 88, kama kilomita 142 kwa saa. Naliweka wazi mapema ili mtu asipoteze muda kunihubiria: ndiyo, nilizidisha, na faini nilistahili. Sijaja hapa kutetea mwendo kasi.

Askari wa kaunti alikuwa kajibanza kwenye uwazi wa katikati ya barabara. Kanipiga tochi, kanisimamisha. Mstaarabu, hakupaza hata sauti. Akauliza tunaenda wapi, nikamwambia msibani, akasema pole. Akarudi na karatasi, akasema weka sahihi hapa, sahihi si kukiri kosa, ni ahadi tu kwamba utafika mahakamani tarehe hii. Tarehe yenyewe miezi miwili mbele. Nikasaini. Tukafika msibani, tukalia, tukachanga za kusafirisha mwili, Jumapili tukarudi. Ile karatasi nikaitupia kwenye droo ya gari.

Akili yangu ilikuwa ya nyumbani. Bongo ukipigwa tochi njia ya Chalinze unaandikiwa elfu thelathini, unapewa namba ya malipo, unalipa, safari inaendelea. Na hata hapa Maryland nilishawahi kuandikiwa mwendo kasi miaka ya nyuma, nikalipa kwa posta, ikaisha. Nikajua na hii ni hivyo hivyo.

Haikupita wiki, bahasha zikaanza kumiminika. Nilihesabu kumi na moja. Zote za mawakili wa Virginia, zote na jina langu kamili, zote zinasema nimeshtakiwa kwa kosa la jinai na naweza kwenda jela hadi miezi 12. Mimi na mume wangu tukasema hawa ni matapeli, anwani yetu wameitoa wapi? Kumbe majalada ya mahakama za kule yako wazi kwa umma, mawakili wanachukua orodha ya walioshtakiwa na kuwatumia barua za kutafuta kazi. Hebu lifikirieni hilo. Askari hakunieleza. Karatasi niliyosaini haikueleza chochote ambacho mtu wa kawaida angeelewa. Aliyeniambia kwamba nina kesi ya jinai ni mfanyabiashara aliyekuwa anatafuta mteja!

Nikaenda kwenye droo ya gari. Kwenye mstari wa kosa imeandikwa "RECKLESS DRIVING 88/70" (uendeshaji wa kizembe na wa hatari) na kifungu 46.2-862. Basi. Hakuna neno jela, hakuna neno jinai.

Sasa sikilizeni sheria yenyewe, maana nimeisoma mpaka nimeikariri. Virginia ukizidisha maili 20 au zaidi juu ya kibao, huyo ni dereva mzembe na wa hatari kisheria. Hapo bado naelewa. Lakini kuna mlango wa pili: ukivuka 85, popote pale, hata kama kibao kinasema 70, umeingia kwenye kosa lile lile. Na hiyo 85 yenyewe ni huruma ya juzi tu, mpaka katikati ya 2020 ilikuwa 80, wakapandisha tarehe 1 Julai mwaka huo. Mimi nilizidisha 18, mlango wa kwanza haukunihusu. Nimenaswa na wa pili. Ningekuwa 85 ningelipa faini kama binadamu wengine. Nilikuwa 88. Maili tatu.

Kwa hizo maili tatu unawekwa kwenye makosa ya jinai ya kundi lile lile la mtu aliyekamatwa mara ya kwanza akiendesha amelewa, na la mwizi mdogo wa dukani. Adhabu ya juu ni miezi 12 jela, faini hadi dola 2,500, na hakimu anaweza kukufungia kuendesha ndani ya Virginia hadi miezi 6. Ukitiwa hatiani unapewa pointi sita za makosa ya udereva, na hukumu inakaa miaka 11 kwenye rekodi ya udereva ya Virginia. Usijidanganye kwamba leseni yako ni ya jimbo jingine, kwa sababu majimbo mengi, likiwemo Maryland, yana mkataba wa kupeana taarifa za madereva. Rekodi ya jinai nayo ni kitu kingine kabisa, hiyo haiangalii una leseni ya wapi. Mimi nahudumia wazee, kila nikibadilisha mwajiri nachunguzwa. Na fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kushtakiwa. Simaanishi mtu atarudishwa kwao kwa sababu ya spidi, msitishane. Namaanisha utaulizwa, na utaeleza, na utatafuta karatasi za kesi ya miaka nane nyuma.

Ukiingia Virginia kuna vibao vinakukumbusha kwamba kifaa cha kunasa rada ni marufuku kwenye gari. Kibao kinachosema 86 ni jinai mimi sijakiona, na nimepita ile njia mara nyingi.

Halafu pesa. Katiba ya Virginia inasema faini za makosa dhidi ya jimbo ziende kwenye mfuko wa shule unaoitwa Literary Fund. Sawa, jambo jema. Lakini kaunti inaruhusiwa kuwa na sheria yake ndogo inayofanana na ya jimbo, na ukishtakiwa kwa hiyo, faini inaingia kaunti. Kwenye samansi, ile karatasi niliyosaini, kuna visanduku vya kuonyesha umeshtakiwa kwa sheria ya nani. Changu kimewekwa alama kwenye kaunti. Nilipoliona hilo nilielewa kwa nini askari anaamka alfajiri kukaa katikati ya misonobari.

Sasa nakuja kwetu sisi, na hapa sitamung'unya maneno. Niliuliza kwenye kundi letu la WhatsApp. Kaka mmoja, mtu mzima, ninayemheshimu, akajibu: "Dada lipa tu yaishe, usihangaike na mawakili, wanakula hela." Mwingine akasema usiende kabisa, wewe ni wa Maryland, watakufuata huko? Watu ishirini wakaweka vidole gumba. Jamani! Kesi hii hailipwi kwa posta, nilimpigia karani akaniambia lazima ifike mbele ya hakimu. Na ungekuwepo mlango wa kulipa, kulipa ni kukiri. Na ukikaa nyumbani, hakimu anaweza kukuhukumu bila wewe kuwepo, au akatoa hati ya kukukamata. Hao waliosema usiende wangekuwa wapi siku nasimamishwa kwa taa mbovu, askari akaliona jina langu kwenye kompyuta yake?

Nikachukua wakili wa kule kule anayemjua hakimu. Dola 1,100. Akanituma kupima mita ya spidi ya gari, maana hakimu anaangalia kama mita inadanganya, dola 75. Nikachukua nakala ya rekodi yangu ya udereva ya Maryland kuonyesha ni safi. Nikafanya kozi ya udereva ya saa nane kabla hakimu hajaniambia. Nikapoteza siku mbili za kazi.

Jumanne saa tatu asubuhi ukumbi umejaa. Nje mlangoni nikamsikia mtu anaongea na simu kwa Kiswahili. Mkongo, umri kama wa kaka yangu mkubwa, suti imepigwa pasi vizuri, samansi kaishika kwa mikono miwili. Tukasalimiana. Kosa lake ni kama langu, kibao cha 70, yeye alikuwa 87. Nikamuuliza una wakili? Akasema hapana, "Dada, mimi ntaomba tu pardon, juge (hakimu) atanielewa." Nikamuuliza umeomba mkalimani? Hakujua kama kuna mkalimani. Nikaanza kumweleza kwamba kwenye kesi ya jinai mkalimani ni haki yake, mahakama ndiyo inalipa, amwambie karani kabla hajaitwa. Kabla sijamaliza wakili wangu akanivuta ndani.

Kesi yangu haikufika dakika tatu. Wakili akatoa cheti cha mita, cheti cha kozi, rekodi safi. Hakimu akapekua, akamuuliza askari kama nilikuwa na adabu, askari akasema ndiyo. Ikashushwa kuwa uendeshaji usio sahihi, ambao ni kosa la barabarani tu, si jinai. Pointi tatu, faini dola 250 na gharama za mahakama. Wakili akanipa mkono.

Nikakaa nyuma kumsubiri yule kaka. Alipoitwa alisimama wima kama mwanafunzi. Hakimu akamsomea, akamuuliza anajibu nini. Akasema, kwa Kiingereza chake, "Guilty, sorry sir." Hakimu akauliza ana chochote cha kuongeza. Akarudia, "Sorry." Akatiwa hatiani kama alivyoshtakiwa. Faini, na rekodi. Mimi nilitaka kusimama, wakili akanishika mkono, akanionya kwamba nitaonekana navuruga mahakama. Nikakaa. Nilipotoka kwa karani kulipa faini yangu, nikatoka mbio hadi maegesho. Alishaondoka. Sikuchukua namba yake, hata jina sikumuuliza.

Wakuu, yule kaka alikuwa chini yangu kwa maili moja. Barabara ni ile ile, hakimu ni yule yule, asubuhi ile ile. Mimi niliyekuwa na kasi kuliko yeye nimetoka na kosa la barabarani, yeye katoka na kosa la jinai. Tofauti yetu ni dola 1,100 na kwamba mimi nilijua la kusema kwa Kiingereza. Aliomba msamaha kama tulivyofundishwa wote, ukikosea unakiri na unaomba radhi kwa mkubwa. Pale ndani, kukiri ndiko kulikomponza. Mnaniambia hiyo ni sheria ya usalama barabarani? Usalama wa nani uliongezeka Jumanne?

Kwa hiyo nawaomba, mtu akileta samansi ya Virginia kwenye kundi, kwanza asome mstari wa kosa. Kukiwa na neno "reckless" au kifungu 46.2-862, mwambieni atafute wakili wa kaunti hiyo hiyo, na hana hela ya wakili basi angalau apeleke cheti cha mita na rekodi yake, na kama Kiingereza kinamsumbua amwombe karani mkalimani wiki kadhaa kabla. Mara nyingi wakili anaweza kusimama kwa niaba yako usiendeshe saa nne kwenda kusikiliza dakika tatu, ila ukiwa umevuka 90 mahakimu wengi wanataka wakuone mwenyewe. Maneno ya "lipa tu yaishe" yaacheni.

Na sasa sababu kubwa ya kuandika leo na si wiki ijayo. Kule Virginia ukihukumiwa kwenye mahakama ya chini una siku 10 za kukata rufaa, hata kama ulikiri mwenyewe. Unakwenda kwa karani wa mahakama ile ile, unajaza karatasi, kesi inaanza upya kabisa mbele ya mahakama ya juu yake, ile hukumu ya kwanza haihesabiki. Hakimu mpya anaweza kutoa adhabu kubwa zaidi, hilo alijue, ndiyo maana aende na wakili. Lakini mlango upo.

Hukumu ilitoka Jumanne. Siku kumi zinaisha Ijumaa ijayo, na ofisi ya karani inafungwa jioni. Kama wewe ni yule kaka wa suti uliyezungumza na dada Mtanzania nje ya mlango wa mahakama, au unamjua, au kanisani kwenu kuna mtu alirudi Jumanne akisema amepewa faini Virginia na hakuelewa vizuri, niandikieni pembeni hata saa nane za usiku. Wakili wangu nimeshaongea naye, amekubali kumsikiliza bure, na nauli ya kurudi kule nitatoa mimi. Wekeni uzi huu kwenye makundi yenu ya Wakongo, ya Warundi, kokote.